Upatanisho na Uzima katika Maandiko ya Jürgen Moltmann

Kifo cha Yesu msalabani huelezwa katika Kiswahili kwa maneno yenye asili mbalimbali. Fidia na kafara yametoka katika Kiarabu. La kwanza ni mali itolewayo ili kumkomboa mtu. La pili ni sadaka ya kufuta kosa au kuepusha balaa. Upatanisho limejengwa kwa shina la Kibantu: kupata, kupatana, kupatanisha. Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, yatumia fidia katika Injili ya Marko na upatanisho katika Waraka kwa Warumi. Lakini maneno haya hayana picha moja. Fidia yatufanya tuulize nani alilipa na nani alilipwa. Upatanisho watufanya tuulize ni nani waliofarakana na jinsi walivyorudiana.

Tofauti hiyo si ndogo kwa mtu atakaye kueleza kwa Kiswahili maandiko ya Jürgen Moltmann, mmoja wa wanatheolojia Wajerumani waliosomwa sana katika nusu ya pili ya karne ya ishirini. Hapana budi achague neno, na hawezi kulichagua vema asipojua kwanza mambo yaliyompata mwandishi mwenyewe.

Moltmann alizaliwa Hamburg tarehe 8 Aprili 1926, katika nyumba isiyoshika sana dini. Mwaka 1943, akali mwanafunzi wa shule, aliitwa kutumika penye mizinga ya kuzuia ndege. Mwezi wa Julai ndege za Waingereza na Wamarekani ziliuteketeza mji huo, na watu zaidi ya 30,000 walikufa. Rafiki yake aliyesimama karibu naye aliuawa kwa bomu, yeye akasalimika. Usiku ule, kama alivyosimulia baadaye, ndipo alipomlilia Mungu kwa mara ya kwanza, akiuliza yuko wapi.

Mwaka 1945 alijisalimisha kwa askari wa Kiingereza, akakaa mfungwa katika kambi za Ubelgiji, Scotland na Uingereza mpaka 1948. Huko wafungwa walionyeshwa picha za kambi za mauti ambamo taifa lao liliwaua Wayahudi, na aibu yake ikamwelemea. Huko pia alipewa Agano Jipya pamoja na Zaburi. Alipofika katika Injili ya Marko penye kilio cha Yesu cha kuachwa na Mungu, aliona kwamba yuko mmoja amwelewaye.

Kilio hicho ndicho kiini cha kitabu chake kiitwacho Der gekreuzigte Gott, yaani Mungu Aliyesulibiwa, kilichotoka mwaka 1972, miaka minane baada ya kitabu chake cha theolojia ya tumaini. Tangu Anselm wa Canterbury, aliyekamilisha Cur Deus Homo mwaka 1098, Wakristo wengi wa Magharibi walizoea kuueleza msalaba kama kuridhisha heshima ya Mungu iliyovunjwa na dhambi. Moltmann alianza kwingine. Hakuuliza tu msalaba unamfaa nini mwanadamu, bali pia una maana gani kwa Mungu mwenyewe. Jibu lake ni kwamba Mwana huumia kwa kufa ameachwa, na Baba huumia kwa kumpoteza Mwana. Wala Mungu hakai mbali na maumivu hayo.

Wako waliompinga. Dorothee Sölle, Mjerumani mwenzake, aliona kwamba maneno hayo yaweza kumfanya Baba aonekane mtesaji wa Mwana. Onyo hilo ni zito, na mfasiri alikumbuke: akitumia fidia bila maelezo, ataifanya hatari ile iwe kubwa zaidi. Lakini asidhani kwamba kafara haina nafasi kabisa. Moltmann alikubali kwamba aliyeonewa ahitaji mwenzi katika mateso, na aliyeonea ahitaji kuondolewa hatia yake. Jambo alilogeuza ni mwelekeo: katika kafara iliyozoeleka mwanadamu hutoa, Mungu huridhika, kwake Moltmann ni Mungu abebaye. Kwa sababu hiyo naona upatanisho ndilo neno la kutangulia, na kafara lifuate likiwa limeelezwa.

Shida ya namna hiyo yatokea pia katika Der Geist des Lebens, kitabu chake cha mwaka 1991 juu ya Roho. Hapo alionya kwamba maisha ya kiroho yakifahamika kama kuukimbia mwili na dunia, yameacha njia ya Biblia, ambamo Roho ni nguvu ihuishayo. Roho tumelipata kwa Waarabu. Lakini kwa maana aliyoitaka, Kiswahili kina neno jingine jema, uzima, ambalo ni uhai, afya na ukamilifu kwa pamoja.

Moltmann alifundisha Tübingen tangu 1967 hata 1994, akafariki katika mji huo tarehe 3 Juni 2024. Swali alilolipata kijana chini ya mabomu hakuliacha kamwe. Mfasiri atakayempa upatanisho na uzima atakuwa amelisikia swali hilo. Atakayempa fidia na roho peke yake atakuwa ametafsiri maneno, akaiacha habari yenyewe Hamburg.