Ukiulizwa "Una swali?" kwenye usaili, uliza nini?

Msikilizaji wetu, usaili wa kazi mara nyingi humalizika hivi: "Je, una swali lolote kwetu?" Wengi hujibu, "Sina, asanteni," wakidhani huo ndio unyenyekevu. Hapa tunaeleza kwa nini ni vizuri kuuliza, na maswali gani yanafaa.

Kwa nini uulize

Msaili anapima kama unaielewa kazi. Wewe nawe unapima kama kazi inakufaa. Kwa anayetoka kijijini jambo hili lina uzito zaidi, maana ataacha shamba, atalipa nauli na kupanga chumba mjini. Akigundua mwezi wa pili kuwa hakuna mkataba, hasara ni yake.

Anza na kazi yenyewe

- "Siku ya kawaida ya mfanyakazi wa nafasi hii inakuwaje?"
- "Katika miezi mitatu ya kwanza, mtapenda kuona nimefanya nini?"
- "Nitakuwa chini ya msimamizi gani?"
- "Nafasi hii ni mpya, au kuna mtu aliyeiacha?"

Swali la mwisho lina faida kubwa. Ukisikia watu kadhaa wameondoka kwa muda mfupi, uliza sababu kwa upole.

Kisha mkataba na saa za kazi

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi: kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, mahali pa kazi, saa za kazi na malipo. Kwa hiyo kuuliza, "Mkataba ni wa muda gani, na nitapewa nakala lini?" si ukorofi.

Sheria hiyo inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Saa za ziada hulipwa angalau mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Kama kazi ni ya zamu, mfano ulinzi au hoteli, uliza: "Zamu ni ya saa ngapi, na saa za ziada hulipwaje?"

Kwa kampuni binafsi, uliza pia kama wafanyakazi wanaandikishwa NSSF. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hatakiwi kukukata zaidi ya asilimia 10.

Mshahara je?

Usiufanye swali la kwanza. Subiri wauguse wenyewe, au uulize ukishaambiwa umepata kazi: "Kiasi hicho ni kabla ya makato au baada ya makato?" Uliza pia kuhusu malazi, chakula na usafiri. Kwa kazi za serikali, mara nyingi ngazi ya mshahara huwa imeandikwa kwenye tangazo, hivyo lisome kabla ya kwenda.

Maswali ya kuepuka

Usiulize jambo lililomo kwenye tangazo au ambalo wamekwisha kulieleza. Usiulize, "Je, nimepita?" Badala yake sema: "Majibu yatatolewa lini, na kwa njia gani?" Kama mtandao kwenu ni wa shida, waachie namba ya pili ya mtu unayemwamini.

Ukiombwa pesa ya fomu, ya sare au ya "kuharakisha" ajira, usitoe. Omba maelezo ya maandishi, kisha nenda kaulize ofisi ya kazi iliyo karibu nawe.

Jiandae mapema

Andika maswali matano kwenye karatasi kabla ya kusafiri. Wakati wa usaili sikiliza vizuri, maana mengine yatajibiwa kabla hujauliza. Yakibaki mawili au matatu, yanatosha. Anza kwa heshima: "Samahani, ningependa kufahamu..." Jibu likiwa la kuzungukazunguka, hasa kuhusu mkataba, usiache shamba wala kulipia chumba mpaka uone maandishi.