Sinza Isiyo na Kiwanja Tupu: Hoja ya Kupanga Upya Mtaa Uliokwisha Kujaa

Mipango miji nchini Tanzania imezoea kuanzia shambani. Ardhi hutwaliwa pembezoni, hupimwa, hukatwa viwanja na kugawiwa, kama ilivyofanyika katika Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza Dar es Salaam mwaka 2002. Njia hiyo haina la kutuambia kuhusu Sinza, mtaa wa jiji hilohilo ambako hakuna kiwanja kilichobaki cha kugawa. Makala haya yanadai kwamba katika mtaa wa namna hiyo tusipange kiwanja kimoja kimoja. Tupange kitalu kizima pamoja na watu wanaoishi humo, wapangaji wakiwemo.

Sinza ilizaliwa katika miaka ya 1970, kwa mradi uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Serikali ilipima viwanja na kuweka huduma za msingi. Wananchi walitakiwa kujijengea nyumba za kawaida. Leo hali ni nyingine. Uani pamejengwa vyumba vya kupangisha, kuta za mbele zimekuwa fremu za biashara, na ghorofa zinapanda kando ya Barabara ya Shekilango. Jiji lenyewe limekua kutoka watu milioni 4.36 katika sensa ya 2012 hadi milioni 5.38 mwaka 2022. Sinza imebeba sehemu ya ongezeko hilo bila mpango wa pamoja, kwani kila mwenye nyumba huamua peke yake ndani ya mipaka yake.

Udhaifu wa utaratibu huo uko wazi. Ghorofa kwenye kiwanja kidogo humnyima jirani hewa na mwanga, na mashimo ya choo yaliyochimbwa kwa familia moja hutumiwa na kaya nyingi. Wamiliki wanne au watano wa kitalu kimoja wakiunganisha viwanja, wanaweza kujenga jengo moja lenye nafasi ya magari, ngazi salama na mfumo mmoja wa majitaka. Sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo imeshafungua mlango huo. Kinachokosekana ni kuaminiana, mtaji na mwongozo. Manispaa ya Ubungo inaweza kuandaa mpango kina wa kila kitalu na kuwapa wanaoungana ruhusa ya kuongeza ghorofa.

Makazi hayatenganishwi na riziki. Fremu ya mbele ndiyo pensheni ya wazee wengi, na ndiyo ofisi ya fundi cherehani, msusi na fundi simu. Jengo jipya likiwaondoa hawa kwa kupandisha kodi, mtaa utapata kuta na kupoteza uchumi wake. Kwa hiyo kibali cha ghorofa za ziada kiambatane na sharti la kutenga fremu ndogo chini, na kuwapa wapangaji wa awali nafasi ya kwanza ya kurudi.

Wapo watakaosema soko liachwe liamue, kama lilivyoamua Kariakoo, eneo la biashara la jiji hilo. Lakini Kariakoo inatoa onyo: Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka huko na kuua zaidi ya watu 20. Wengine watasema wakazi hawawezi kurejeshwa. Magomeni Kota inawajibu. Huko kaya 644 zilizoondolewa kupisha ujenzi zilitengewa nafasi katika makazi mapya yenye nyumba 656, yaliyozinduliwa Machi 2022. Hata hivyo zilisubiri takribani miaka kumi, na hilo ndilo kosa la kuepuka: asihamishwe mtu kabla fedha, ramani na mkataba wa kurudi havijakamilika.

Manispaa ianze na kitalu kimoja ambacho wamiliki wake wameridhia, itangulize mabomba na mifereji kabla ya ghorofa, na iwaketishe mwenye nyumba na mpangaji meza moja. Mpango usiomhesabu mpangaji haustahili kuidhinishwa.