Lusenga: Wavu wa Fito Uliotuletea Kitoweo



Katika ukurasa wa historia mwaka huu tumechagua chombo ambacho wengi wetu hatujawahi kukishika, ingawa kilitulisha: lusenga, wavu wa kuchotea dagaa wa Ziwa Tanganyika.

Makanyagio hatuna ziwa. Ziwa liko magharibi yetu, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, kule Karema na Ikola. Lakini nani kati yetu hakukua kwa ugali na dagaa? Mwishoni mwa miaka ya 1940, reli ilipojengwa kutoka Kaliua kuja Mpanda kwa ajili ya mgodi wa risasi, watu walifika kutoka kila upande kutafuta kazi. Mji unaokua unahitaji kitoweo kisichooza njiani. Dagaa mkavu alifaa: mwepesi kubeba, na anakaa muda mrefu bila barafu.

Lusenga ulitengenezwa kwa vitu vya karibu. Kwanza ni ufito. Hukatwa ukiwa mbichi, kwa sababu mkavu hupasuka ukipindwa. Hupindwa polepole mpaka uwe duara, ncha mbili huchongwa mshazari zilale pamoja, kisha hufungwa kwa kamba na kuachwa zikauke. Duara hilo hufungwa kwenye mpini mrefu, imara, usiolemea mikono. Mwisho ni wavu wenyewe, mfuko mpana mdomoni na mwembamba kitakoni, wenye matundu madogo yasiyopitisha dagaa. Zamani nyuzi zilisokotwa kutokana na mimea. Baadaye zikaja za pamba, kisha nailoni.

Kazi ilifanyika usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo. Moto wa kuni uliwashwa kwenye mtumbwi. Dagaa hufuata mwanga, hivyo walipanda juu kwa makundi. Mmoja alipiga kasia, mwingine alichochea moto, na mwenye lusenga alisimama, akauzamisha chini ya kundi na kuuinua kwa nguvu zake zote. Aliyekosea alirudi na maji matupu, au alianguka majini.

Kuanzia miaka ya 1950 mambo yalibadilika. Zilikuja taa za karabai, na mitumbwi miwili iliyounganishwa ili kuinua wavu mkubwa kati yake. Usiku mmoja ukaleta samaki wengi kuliko mkono wa mtu ungeweza kuchota. Lusenga ukarudi nyuma.

Hatusemi kwamba wazee walikuwa na huruma na ziwa kutuzidi. Mikono yao ilikuwa na kikomo, na kikomo hicho kililipa ziwa nafasi. Sasa kikomo kinawekwa kwa sheria. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, kuanzia Mei hadi Agosti, ili samaki wazaliane. Sisi wa Makanyagio tukakumbuka kwamba sufuria zetu zinategemea ziwa tusiloliona kila siku.

Ndiyo maana mwaka huu, pamoja na michango ya madawati na vyoo vya shule, tunaomba mfuko mdogo wa ufundi. Tunataka kuwaalika wazee wa mwambao wanaojua kazi hii, tuwalipe nauli, malazi na posho, wakae na vijana wetu wiki moja. Vijana wakate fito, wapinde, wafume wavu kwa mikono yao. Lusenga utakaomalizika utatundikwa shuleni, na hatua zote ziandikwe.

Kupinda ufito si jambo la kusimuliwa tu. Mkono hujifunza kwa kuona mkono mwingine. Wenye mikono hiyo wanazidi kupungua. Tuchangie wakiwa bado wapo wa kuulizwa.