Ngitili ya babu na pori lililorudi

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo kuna jambo limenikaa kichwani tangu nitoke likizo nyumbani Mkula.

Mjomba wangu wa Bariadi anataka kulima ngitili ya babu. Kwa asiyejua Kisukuma, ngitili ni pori la ukoo au la kijiji linalofungwa mvua zikianza. Ng'ombe hawaingii mpaka kiangazi kikolee, mwezi wa saba au wa nane huko, majani yakiwa yameisha kwingine kote. Ukiingiza mifugo kabla, sungusungu wanakuja na unalipa mchenya, yaani faini.

Sasa historia. Zamani Usukumani kulikuwa na pori la migunga na miombo. Miaka ya 1920 Swynnerton, mkuu wa wanyamapori wa serikali ya Mwingereza, aliona mbung'o wanakaa vichakani, basi Shinyanga watu wakakusanywa kufyeka vichaka. Ikaja pamba. Ng'ombe wakaongezeka. Halafu operesheni vijiji ya 1974 na 1975, na hapa ndipo naona pigo kubwa: umehamishwa kilomita kadhaa, ngitili uliyoiacha ataichunga nani? Ikawa ya kila mtu, maana yake si ya mtu.

Serikali ikaanzisha HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986. Bariadi wakati huo ilikuwa Shinyanga, mkoa wa Simiyu umezaliwa 2012 tu. Mwanzoni jamaa walikazania vitalu na miche. Baadaye wakastuka kwamba wazee walishakuwa na dawa: funga eneo, visiki vitachipua vyenyewe, mizizi bado iko hai chini. Kutoka ngitili za hekta kama 600 mwaka 1986, utafiti uliotoka 2004 ulikuta zaidi ya hekta 300,000 katika vijiji 833, aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Fisi nao walirudi, wakala mbuzi, na hilo watu hawakulifurahia hata kidogo!

Mradi ulifungwa 2004. Ngitili zikabaki mikononi mwa wenyewe, na wenyewe ndio akina mjomba.

Na mjomba si mtu mbaya jamani. Ana vijana watatu wa kiume, wote wanataka shamba, na eneo halijaongezeka. Aliniuliza, "Wewe mpwa wangu unayesomea ualimu, watoto wangu watakula ndege?" Nilikosa jibu. Ila godoro ninalolalia hapa hosteli lilinunuliwa kwa fito na nguzo zilizotoka humo humo, na hilo nalo sikulisema, niliona aibu.

Kikao cha ukoo ni mwezi wa sita. Babu kaniambia nije na hizo namba nimezoandika hapa, nizisome kwa Kisukuma. Hekta kwa Kisukuma bado natafuta nitaisemaje, labda nitawapeleka tuipime kwa miguu.