Kilo Ngapi Begani? Uzito wa Ala za Muziki kutoka Songo Mnara hadi Kilwa Jazz

Wapiga besi wa leo, wawe wa kwaya, wa taarabu ya kisasa au wa dansi, hulinyanyua gitaa na kulipima kwa mkono kabla hata hawajagusa uzi. Wana haki. Gitaa la besi la mbao nzima huwa na kilo 3.5 hadi 4.5, na yapo yanayozidi 5, na mzigo huo ukining'inia kwenye bega moja tangu saa tatu usiku hadi majogoo haubaki kuwa mdogo. Ndipo ilipozuka imani kwamba ipo namba moja iliyo sahihi, na kwamba gitaa likiipita halifai. Historia ya pwani ya Kilwa na jirani zake inaonyesha jambo jingine. Watu wa huku wamekuwa na ala nzito kwa karne nyingi, na karibu kila mara walichoshughulikia ni mahali uzito unapotua na nani anausaidia kuubeba. Mizani ilikuja nyuma.

Songo Mnara, kisiwa kilicho kusini mwa Kilwa Kisiwani, ni mahali pazuri pa kuanzia, ingawa ngozi za ngoma na mbao za zumari za mji ule zilioza zamani. Mji wenyewe ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14 na kuhamwa mwanzoni mwa karne ya 16. Ulikuwa na nyumba za mawe zaidi ya 40 na misikiti kadhaa, na tangu 1981 magofu yake yamo pamoja na ya Kilwa Kisiwani katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kilichosalia ni kuta, na kuta hizo zinasema mengi juu ya akili ya mafundi katika mambo ya uzito. Paa la nyumba hizo lilikuwa tabaka nene la mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko. Lilikuwa zito kupita kiasi, lakini lilizuia jua na mvua, kwa hiyo hakuna aliyetaka kulipunguza. Walichokifanya ni kubana vyumba: upana ukabaki kama mita 2.5 tu, kadiri boriti inavyoweza kuvuka bila kupinda, hata urefu wa chumba ukiwa mara mbili au tatu ya hapo. Kwenye miimo ya milango, vidaka na mihrabu, palipohitaji nakshi, walitumia matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, nayo ni mepesi kuliko mawe ya kawaida ya ukutani. Kila uzito ulipewa mahali pake.

Ala za watawala wa pwani zilifuata akili hiyo hiyo. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alisimulia jinsi sultani wa Mogadishu alivyotembea akitanguliwa na ngoma na baragumu. Mwaka 1498 mwandishi mmoja wa msafara wa Vasco da Gama aliona Malindi siwa mbili za pembe za ndovu, zilizonakshiwa, zenye kimo cha mtu na kupulizwa kwa tundu la ubavuni. Siwa ya Pate, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Lamu pamoja na siwa ya shaba ya Lamu yenyewe, ina urefu unaozidi mita 2. Ala ya namna hiyo haikutengenezwa kwa starehe ya mpulizaji. Ilitengenezwa kwa heshima ya mji, na uzito wake ulikuwa sehemu ya heshima hiyo, maana kitu anachokibeba mtoto hakimtishi mgeni. Tundu la ubavuni linastahili kutazamwa kwa makini zaidi ya nakshi. Pembe inayopulizwa nchani humlazimisha mtu kushika mzigo wote ukiwa mbele yake. Ya ubavuni huweza kulazwa kwa mapana, uzito ukagawanyika pande mbili za mikono, au mwenzake akasaidia upande mmoja. Ngoma nazo zilipata suluhisho rahisi zaidi, yaani ardhi. Msondo, ngoma ndefu ambayo mpigaji huipitisha kati ya miguu, huegemea chini, na mkanda wa kiunoni huizuia tu isiteleze.

Mtu anaweza kupinga kwamba siwa na gitaa havilinganishwi, kwa kuwa siwa ilipulizwa siku za arusi za wakubwa na za kutawazwa, na gitaa hupigwa kila wikiendi. Pingamizi hilo lina nguvu kwa siwa, lakini linaishiwa pumzi likifika kwenye taarabu. Katika Ikhwani Safaa, kikundi cha Zanzibar kilichoanzishwa mwaka 1905, na baadaye katika Culture Musical Club, sauti nzito ilishikwa na besi kubwa ya kusimama, fidla kubwa kuliko zote. Ala hiyo huwa na kilo kama 10, mara mbili na zaidi ya gitaa la besi, na ilipigwa mara kwa mara, kwa saa nyingi, na watu wa kawaida. Uzito wake haukuwa tatizo la mpigaji kwa sababu uko kwenye msumari wa chini. Mwili wake uliuegemeza tu. Aliyehangaika ni yule wa kuipandisha ngazi.

Leo Fender alipotoa Precision Bass mwaka 1951 huko California, aliwapa wapiga besi vitu viwili walivyovitamani: vizuizi vya shingoni vya kuwawezesha kupata noti bila kubahatisha, na ala inayoingia ndani ya gari. Faida hizo zilikuwa na gharama isiyotangazwa. Kilo 10 zilizokuwa juu ya sakafu ziligeuka kilo 4 juu ya bega. Kiwanda chenyewe kilianza kurekebisha mapema: kufikia 1954 kingo za kiwiliwili zilikuwa zimechongwa ili zisichome mbavu, na miaka miwili baadaye mbao nyepesi zaidi zilianza kuchukua nafasi ya ile ya kwanza. Ujerumani, mwaka 1956, Höfner walikwenda mbali zaidi kwa besi yenye tumbo wazi, ya kilo mbili na ushei, ile iliyojulikana dunia nzima mikononi mwa Paul McCartney. Miaka ya 1970 mtindo ukageuka, na magitaa mazito yakawa fahari tena.

Dar es Salaam haikuwa na nafasi ya kufuata mitindo hiyo. Bendi za mjini zilikuwa na majina ya nyumbani kwa wapigaji wake, kama Western Jazz ya watu wa Tabora, Rufiji Jazz, Ulanga Jazz, na kwa watu wa pwani hii ya kusini, Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande. Katika bendi nyingi vyombo vilikuwa mali ya mwenye bendi, au ya taasisi kama ilivyokuwa NUTA Jazz tangu 1964, wala si mali ya mpigaji. Uhaba wa fedha za kigeni ulipokaza katika miaka ya 1970 na 1980, gitaa lililokuwapo ndilo lililopigwa. Kuuliza kilo kunahitaji kwanza uwezo wa kuchagua, na uwezo huo kwa wengi haukuwapo.

Hapa ndipo mzee wa dansi atakapodakia kwamba wao walipiga usiku kucha na vyombo hivyo hivyo na hakuna aliyelalamika mgongo. Sina sababu ya kumkatalia, ila nina swali juu ya mpango wa kazi. Bendi kubwa za wakati ule, Maquis du Zaire ikiwa mfano unaojulikana, zilikuwa na watu wengi kuliko nafasi za jukwaani, na walipokezana: mmoja anaanza, mwenzake anamalizia. Bega halikuwa moja. Bendi iligawa uzito kati ya watu, kama walivyogawana wabeba siwa. Leo kikundi cha watu wanne kwenye ukumbi wa harusi kina mpiga besi mmoja tu, naye hana wa kumpokea. Kulalamika kwake hakumfanyi mlegevu. Mpango uliowabeba wazee haupo tena.

Kama ni lazima namba itajwe, kwa anayepiga akiwa amesimama zaidi ya saa mbili mfululizo, peke yake, ningesema kilo 3.5 hadi 4.2, na mkanda mpana wa sentimita 8 au zaidi. Anayepiga ameketi asijisumbue na kilo 5, paja litazibeba. Lakini gitaa jepesi nalo lina hila yake. Kiwiliwili kikipunguzwa sana na shingo ikabaki ndefu, na vikaza nyuzi vizito vikiwa kichwani, kichwa huzama kuelekea sakafuni na mkono wa kushoto hugeuka kuwa nguzo. Gitaa la kilo 3 lenye tabia hiyo huchosha kuliko la kilo 4 linalotulia lenyewe. Ndiyo sababu besi za Ned Steinberger, zilizoanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, zilikata kichwa kabisa.

Ushahidi mkali kuliko wote unatoka kwenye misitu ya Kilwa bara. Mpingo, mti wa huko, una uzito wa takriban kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, hata gogo lake huzama majini. Vijiji kama Kikole na Kisangi huuhifadhi na kuuvuna kwa utaratibu uliopata cheti cha kimataifa mwaka 2009, na mbao za mpingo ndizo zinazotengenezewa klarineti na oboe. Klarineti haifiki kilo moja. Hata hivyo maumivu ya kidole gumba cha mkono wa kulia ni malalamiko ya kudumu ya wapigaji wake, kwa kuwa ala nzima imekaa juu ya kidole hicho. Robo tatu ya kilo kwenye gumba imewaumiza watu ambao wangebeba kilo 4 begani bila kusema neno.

Limebaki pingamizi la wapenda sauti: mbao nzito huufanya mlio udumu, kwa hiyo anayekimbia uzito anakimbia muziki. Ugumu wa mbao husaidia kweli pale uzi unapogusana nayo, yaani kwenye ubao wa vidole, na hapo mpingo hauna mpinzani wa karibu. Hesabu yake ni ndogo: ubao wa urefu wa sentimita 65, upana wa 5.5 na unene wa milimita 6 hauzidi sana robo kilo. Kiwiliwili ni habari nyingine. Kina ujazo wa lita 4 na kitu, na kikichongwa chote kwa mpingo kitapita kilo 5 kabla ya kutiwa shingo, nyuzi na vyuma, ili mlio udumu kwa tofauti ambayo msikilizaji aliye ukumbini, ngoma na tarumbeta zikiwa zinavuma, hawezi kuisikia. Fundi anayetaka kujaribu hata hivyo asikatazwe. Afunge tu msumari chini yake, kama ule wa besi ya Ikhwani Safaa, na mpigaji asimame pembeni.