Asili ya Alama ya Tabasamu
Maandishi hayana uso wala sauti. Tarehe 19 Septemba, 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alipendekeza alama :-) ili wenzake walioandikiana kwa kompyuta wapambanue mzaha na neno la kweli, maana hata wataalamu wale walikosa kuelewana. Basi mtu mzima mwenye usonji hapa Mundika akiletewa katika simu neno moja tu, "Sawa", asijue kama mwenziwe ameridhika au amekasirika, tusimcheke. Mwaka wa 2012 Damian Milton, mtaalamu wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, alieleza kwamba kutoelewana huko kuna pande mbili: asiye na usonji naye hushindwa kumfahamu mwenzake. Aandikaye waziwazi huwafaa wote wawili.