1984 Kwetu Wajir Si Kitabu, Ni Mwaka

Walaal, fanya hivi. Muulize msee wa Nairobi anayependa vitabu, 1984 ni nini. Atakuambia ni riwaya ya George Orwell, ile ya Big Brother na skrini isiyozimwa. Halafu uje umuulize mzee yeyote wa Eldas swali hilo hilo. Atanyamaza kwanza, kisha ataanza na neno moja: Wagalla.

Naandika hii kwa sababu kila nikiposti kuhusu riwaya za distopia, yaani zile hadithi za sayansi zinazochora kesho mbaya, lazima mtu aniulize mbona vijana wa Kaskazini hatuzishabikii. Ati hatusomi. Tunasoma bana. Ni vile tu nyinyi mnazisoma mkiangalia mbele, sisi tunazisoma tukiangalia nyuma.

Tuanze na kitabu. Orwell ni yule yule wa Shamba la Wanyama, ambacho Fortunatus Kawegere alikitafsiri kikachapishwa Nairobi 1967. 1984 kilitoka London Juni 1949. Kwenye rasimu zake hadithi ilikuwa ya 1980, halafu 1982, ndipo ikaishia 1984, kwa hivyo msije mkasema alitabiri kitu. Mmoja wa wasomaji wake wa mwanzo alikuwa Aldous Huxley, mwandishi wa Brave New World ya 1932, ambaye aliwahi kumfundisha Kifaransa shuleni Eton. Oktoba 1949 Huxley alimwandikia barua. Alikisifu kitabu, kisha akamwambia kwa adabu kwamba watawala wa kesho hawatahitaji mabuti, watawafanya watu waupende utumwa wao wenyewe. Huo ubishi wa nani alipatia haujaisha hadi leo. Snowden alipofichua Juni 2013 jinsi Marekani inavyochunguza simu na intaneti, mauzo ya 1984 yalipanda. Trump alipoingia ikulu Januari 2017, yakapanda tena. Wasomaji wa huko wanakifungua kama mtu anayechungulia dirishani kuona kama moto wa jirani umefika kwake.

Na mwaka wenyewe ulipofika? Tarehe 22 Januari 1984, katikati ya fainali ya mpira wa Kimarekani, Apple ilirusha tangazo la kompyuta yake mpya, Macintosh. Mwanamke anakuja mbio na nyundo anaivunja skrini ya yule mtawala, ujumbe ukiwa kwamba kwa mashine hii 1984 haitafanana na ile ya kitabuni. Tangazo kali, sikatai. Watu bado wanalisifu.

Siku 19 baadaye, tarehe 10 Februari, vikosi vya usalama vya Kenya vilianza kuwakusanya wanaume wa Degodia huku Wajir. Walipelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, magharibi ya mji. Walivuliwa nguo, wakalazwa chini kwenye jua la Februari, bila maji, bila chakula, siku kadhaa. Wengine walipigwa risasi, wengine walichomwa, wengine kiu iliwamaliza. Serikali ikasema waliokufa ni 57. Ahmed Khalif, mbunge wa Wajir West (Eldas wakati huo ilikuwa ndani ya Wajir West), alilipeleka suala hilo bungeni mwaka huo huo, na jibu likabaki 57. Mwaka 2000 idadi ya serikali ikawa 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliporipoti 2013 ilisema wanaweza kuwa karibu 1,000. Wazee wetu wanasema ni maelfu.

Sasa kumbuka kazi ya Winston kwenye riwaya. Anakaa ofisini akibadilisha tarakimu kwenye magazeti ya zamani, na nakala halisi inatupwa kwenye shimo ikaungue. Wasomaji wengi huona hiyo sehemu inaboesha, wanakimbilia ile ya mateso. Mimi hapo ndipo nilipofunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Kuna kitu kingine ambacho mafans wa Orwell hukipita haraka. Kabla ya kuwa mwandishi alikuwa polisi wa mkoloni kule Burma, 1922 hadi 1927. Alijua makaratasi, vibali na selo kutoka upande wa mwenye funguo. Na dola hiyo hiyo ya Kiingereza tayari ilikuwa na sheria ya 1902 ya wilaya za mbali, iliyofanya eneo letu liwe limefungwa: huingii wala hutoki bila pasi. Mwaka 1934 wakaongeza nyingine ya kukaza zaidi. Uhuru ukaja 12 Desemba 1963. Siku 16 baadaye hali ya hatari ikatangazwa huku, na ikakaa hadi 1991. Mwaka 1970 ikapitishwa sheria ya kuwakinga maafisa wasishtakiwe kwa walichofanya huku wakati wa vita vya Shifta. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali wakapangwa foleni kuhakikiwa kama kweli ni Wakenya, wakapewa kadi yao ya kipekee ya kubeba. Ukisoma The Hunger Games na zile wilaya zake zilizozungushiwa ua, utanielewa kwa nini haikunishtua.

Usidhani serikali haikuwa inasoma, lakini. Ilikuwa msomaji makini kuliko sisi wote. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa Matigari kwa Kigĩkũyũ 1986, na watu wakaanza kusimuliana habari za huyo Matigari anayezunguka nchi akiuliza ukweli na haki viko wapi. Amri ikatoka akamatwe. Polisi walipogundua ni mhusika wa hadithi, Februari 1987 wakakamata vitabu badala yake. Manze, hakuna mwandishi wa distopia angethubutu kubuni hiyo, mhariri wake angemwambia amezidisha.

Juzi nilimsimulia ayeeyo wangu 1984 yote kwa Kisomali, jioni mbili, chai juu ya chai. Skrini zinazokuangalia hazikumshangaza, alisema hata machifu walikuwa na macho. Big Brother hakumjali. Alichouliza ni kimoja: huyo mwanamume alipokuwa ndani, nani alikuwa anampelekea chakula? Nikamwambia hakuna, hana mke wa kumfuata, mama yake alipotea zamani. Akatikisa kichwa. Kwake hadithi ilikuwa na pengo hapo, kwa sababu Wagalla yake ni wanawake waliobaki, waliotafuta miili porini na kulea watoto bila cheti cha kifo hata kimoja. Nimesoma uchambuzi mwingi wa Orwell na sijaona aliyemkosoa hivyo.

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Ni Februari 2025 tu ndipo rais alikuja hapa Wajir akatangaza mwisho wa ile kamati ya kuwahoji vijana wa mipakani kabla ya kupewa kitambulisho. Mimi nilipita mbele ya kamati kama hiyo. Niliulizwa babu ya babu yangu alichota maji kisima gani. Nilijua jibu. Kuna wenzangu hawakulijua, na wakabaki bila kitambulisho, bila laini ya simu kwa jina lao.

Sisemi msiisome 1984. Isomeni. Ila kuna kitabu cha kukaa nacho rafu moja: Blood on the Runway cha S. Abdi Sheikh, kilichotoka 2007. Na ukichoka kusoma, kuna filamu ya Judy Kibinge, Scarred, ya 2015.

Kuanzia Ijumaa nitakuwa live saa tatu usiku, nikisoma hicho cha Abdi Sheikh kurasa tano tano na kueleza kwa Kisomali. Ayeeyo amesema atakaa pembeni kunirekebisha majina ya visima. Njooni na chai.